Buibui na Raba

Raba nilizinunua Kongowea, mitumba, baada ya kubishana na muuzaji robo saa nzima. Yeye alitaka mia nane, mimi nikashikilia mia tano na hamsini, na mwisho akakubali kwa sharti kwamba nimwambie bibi wa umri wangu anataka kwenda kukimbia wapi. Nikamjibu naenda Nairobi kutibiwa. Akazitazama zile raba, akanitazama miguu, akasema, "Mwenyezi Mungu akuafu, mama." Alidhani naumwa magoti.

Sikumsahihisha. Ningemwelezaje kwamba naenda kuonana na mshauri nasaha anayetembea msituni na watu wake huku wakizungumza? Mimi mwenyewe, mwanangu aliponipigia simu kunieleza habari hiyo, swali langu la kwanza lilikuwa kama huyo mtu amesajiliwa. Amesajiliwa, akanijibu, na ofisi yenye viti anayo. Ila anayetaka humtoa nje.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulikaa pamoja miaka thelathini na minne, wala sitaki kuyaeleza hayo hapa. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba yetu ya Majengo. Wasioijua eda huidhani kifungo. Kwangu mimi ilikuwa kivuli. Wanawake waliingia na kutoka, huyu na uji, yule na udi, mwingine na habari za mtaa, na hakuna aliyenitaka niamue jambo lolote. Taabu ilianza eda ilipokwisha. Siku hiyo nilioga, nikavaa nguo ya rangi, nikafika mlangoni, nikarudi. Kesho yake vilevile. Ikapita mwezi, ikapita miwili, mimi safari yangu ni chumbani hadi barazani, barazani hadi chumbani. Hospitali walinipima wakasema presha imetulia, sukari haipo, miguu mizima. Watu wa Tanzania wana neno lao, sonona. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na sikuwahi kuliandika ubaoni, na sasa kila nikilitamka nalisikia likivuta miguu.

Kabla ya Nairobi nilijaribu hapa hapa mjini. Mwanangu alinitafutia mshauri, mama mmoja mpole sana, tukakaa ofisini kwake, viti viwili vikitazamana na boksi la karatasi za kufutia machozi katikati kama sahani ya halua. Akaniuliza ninajisikiaje. "Alhamdulillah," nikajibu. Usingizi? Alhamdulillah. Chakula? Twamshukuru Mungu. Sisi tulilelewa kwamba mtu akikaa mbele yako umempokea, na uliyempokea unampa uso mzuri. Nikamwuliza habari za watoto wake. Kufikia mara ya tatu nilijua mtoto wake wa pili anasoma wapi na kwa nini hali mayai, naye hakujua lolote juu yangu. Kosa halikuwa lake. Mimi nilikuwa nimekaa pale kama mwenyeji.

Ndipo likaja wazo la msitu.

Safari ilianzia Miritini, treni ya saa mbili asubuhi. Pale stesheni abiria huambiwa wapange mizigo chini kwa mstari, warudi nyuma, kisha hupita mbwa akiinusa mmoja baada ya mwingine. Mbwa alipofika kwenye mkoba wangu alisita. Nikakumbuka kaimati nilizomfungia mwanangu. Akaendelea zake, na mimi nikabaki nawaza nitauosha vipi mkoba kabla ya Swala ya Adhuhuri.

Marehemu alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 alisema, "Hii tutaipanda, mimi na wewe, twende tukale nyama Nairobi." Akaisema mwaka uliofuata, akaisema na mwingine. Hatukuipanda. Zaidi ya kilomita mia nne na sabini nilizikaa dirishani, na kiti cha pembeni yangu kilichukuliwa na kijana wa chuo aliyelala tangu Mariakani hadi Emali, kichwa kikinidondokea begani kila treni ikipunguza mwendo. Nilimwacha. Tulipovuka Tsavo abiria walisimama kuwatazama ndovu, wekundu kwa vumbi la udongo wa kule, na mimi nikajikuta nageuka kumwambia mtu. Kijana alikuwa amelala.

Mwanangu ni mfamasia, anakaa South C. Usiku ule, kaimati zikiwa mezani na mkoba ukiwa umeoshwa, nilimwambia wazi kwamba mimi nimekuja kumwona yeye, na hilo la msitu ni kumridhisha. Hakubishana. Alichukua simu akanisomea utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliotolewa mwaka 1999. Watu 156 wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea, wote wana huzuni ya kuitwa ugonjwa, waligawanywa: kundi moja likapewa dawa, jingine mazoezi ya kutembea na kukimbia, la tatu vyote viwili, kwa wiki kumi na sita. Mwisho wa wiki hizo makundi yote yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana. "Ila dawa zilianza kufanya kazi mapema zaidi," akaongeza, maana ni mfamasia, "na usije ukaacha za presha kwa sababu nimekusomea hivi." Nikamwuliza hao wa Marekani walikuwa wakizungumza na nani wakitembea. Akasema utafiti ule haukuwa wa mazungumzo. Basi, nikasema, mimi tatizo langu ni la mdomo. Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nimekiri kwamba lipo tatizo.

Karura nilikuwa nikiijua kwa magazeti tu. Januari 1999 nilikuwa chumba cha walimu tuliposoma kwamba Profesa Wangari Maathai amepigwa na kuumizwa kichwa pale langoni, alipokwenda kupanda mti kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Wakati ule tulisema mama huyu atauawa kwa ajili ya miti. Mwaka 2004 akapewa Nobeli, na msitu, hekta kama elfu moja hivi, bado umesimama katikati ya mji. Mwanangu aliniacha kwenye lango la barabara ya Limuru, akalipia kiingilio kwa simu, akaniambia atarudi baada ya saa moja na nusu. Nikahisi kama mtoto aliyepelekwa chekechea.

Mshauri alikuwa amekwishafika. Msichana, kwa macho yangu, labda arobaini. Suruali ya mazoezi, kofia, begi dogo mgongoni. Akanipa shikamoo iliyoonekana wazi kuwa imefanyiwa mazoezi asubuhi ile, nikampenda kwa hilo. Lakini hatukuanza kutembea. Tulikaa kwanza kwenye benchi, akanikumbusha yaliyokuwa kwenye fomu niliyotia sahihi: kwamba tunayozungumza ni siri, ila hapa si chumbani, watu wanapita, basi mtu akikaribia tutanyamaza au tutasema habari za hewa. Tukikutana na mtu anayenijua? Nikasema nitamwambia huyu ni mwenyeji wangu. Tukikutana na anayemjua yeye, atasalimia na kupita. Akauliza magoti, akauliza vidonge vya presha nimemeza saa ngapi. Mwendo ni wangu, akasema. Nikitaka kukaa, tutakaa. Nikitaka kurudi, tutarudi bila kuulizana.

Kisha akaniambia nisimame tu. "Uzito uko mguu gani, mama?"

Swali la ajabu. Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, na uzito wote uko kwenye ule wa nyuma, kama mtu aliyechungulia dukani bila nia ya kununua. Nikagundua kwamba hivi ndivyo ninavyosimama mlangoni kwangu.

"Wa nyuma," nikasema.

"Sawa. Twende nao hivyohivyo."

Nusu saa ya kwanza nilizungumza habari za miti. Njia ni ya udongo mwekundu, pana, na kwenye njia panda kuna vibao vya namba. Alinionyesha muhugu, nikafurahi kuuona ukiwa mzima, maana muhugu mimi naujua ukiwa twiga: ndio mti wanaochongea vinyago Wakamba wa Changamwe. Tukawaona kima juu ya matawi. Nikamweleza kwamba kima wa kwetu ni wezi kuliko hawa. Alikuwa akicheka panapochekesha, na hakuniuliza ninajisikiaje hata mara moja. Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba hatukuwa tukitazamana. Yeye alikuwa ubavuni kwangu, macho yetu sote yako njiani, na mtu aliye ubavuni hakupokei wala humpokei. Sikuwa na uso wa kumpa.

Njia ikaanza kupanda. Si mlima wa kutaja, lakini mimi nilikuwa nimekaa ndani karibu mwaka, na maneno yakaanza kukatika. Nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza. Baada ya hatua kadhaa akauliza, "Hicho unachokibeba, mwilini kiko wapi?"

Ofisini ningesema Alhamdulillah. Lakini pumzi ilikuwa haba, na kwa pumzi haba mtu hasemi ila la lazima.

"Kooni," nikasema. "Huku kushoto. Kama mwiba wa changu."

"Kwenu mwiba ukikwama mnafanyaje?"

"Mtu humeza tonge la ugali, zima, bila kutafuna. Linausukuma."

Tukaenda kidogo. "Umemeza matonge mangapi?"

Sikujibu. Miguu ndiyo iliyojibu, ikaongeza mwendo, mimi sikuiambia. Nilikuwa natembea kama mtu anayemfuata mtu, buibui likipiga upepo, raba za mia tano na hamsini zikilia kwenye kokoto, naye akaongeza mwendo sawasawa na wangu, bega kwa bega, hatua kwa hatua, hanitangulii wala habaki nyuma. Mahali fulani kwenye mwendo ule nikasikia sauti yangu ikisema, "Alinificha."

"Nani?"

"Yeye."

Na nikasema. Kwamba siku za eda taa ya jikoni iliharibika, nikaenda kwenye sanduku lake la spana kutafuta bisibisi, na chini ya spana nikakuta bahasha. Ndani kadi ya kliniki ya moyo. Tarehe ya kwanza ilikuwa miezi minane kabla ya kufa kwake. Miezi minane mtu ananiaga asubuhi kwamba anafuatilia karatasi za pensheni, nami namfungia chapati. Niliirudisha bahasha mahali pake, nikafunga sanduku, nikarudi kukaa na wageni. Mwanangu sikumwambia. Ningemwambia nani? Marehemu hasemwi. Kila aliyeingia alimsifu, na zilikuwa sifa za kweli, mimi mwenyewe nilizitikia. Hakuna mkeka wa matanga unaokaliwa na mjane aliyekasirika.

"Mwambie yeye," akasema mshauri. "Tukiwa tunatembea hivihivi. Mwambie."

Nikatazama mbele. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Nikamwita kama nilivyomwita miaka yote, kwa jina la mwanetu, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nilipokuwa na darasa la wanafunzi sitini. Wakati huohuo akatokea kwenye kona mzee mmoja wa Kihindi anakimbia polepole na kaptura nyeupe, akatusabahi kwa heshima zote. "Hewa ni nzuri leo," akasema mshauri. "Nzuri sana," nikasema mimi. Mzee akapita. Tukacheka mpaka nikalazimika kushika mti, na kicheko kikageuka hapohapo, kikawa kile kingine.

Kulia huku unatembea ni kazi ngumu. Pumzi haitoshi kwa vyote viwili, na mwili wenyewe ndio unaochagua. Wangu ulichagua kulia, tukapunguza mwendo mpaka ukawa mwendo wa maharusi. Hakunishika. Alinipa karatasi moja kutoka kwenye begi, si boksi zima.

Tulikaa karibu na maporomoko, penye mianzi. Si maporomoko makubwa, nilitegemea zaidi. Hapo ndipo nilipomwuliza ile ya kuongeza mwendo kila nilipoongeza ameitoa wapi. Akasema mwenye kuijulisha dunia ni mcheza dansi, Marian Chace, ambaye mwaka 1942 alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington. Wakati ule wa vita, kulikuwa na watu wasiosema kabisa. Chace aliwafuata kwa mwili: mgonjwa akitikisa mkono, naye anautikisa vilevile, mpaka yule mtu ajue kwamba ameonekana. Maneno yalikuja nyuma. Nikapenda mpangilio huo.

Akaniambia pia habari iliyonichekesha. Yule Freud wa Vienna, ambaye jina lake likitajwa watu huona kochi, mwaka 1909 alimtibu kijana mmoja wa fani yake, Max Eitingon, kwa kutembea naye jioni barabarani. Mwaka uliofuata akakutana na mtunzi wa muziki Gustav Mahler kule Leiden, Uholanzi, wakatembea saa nne wakizungumza habari za ndoa. Miaka ya sabini daktari wa akili wa Kalifonia, Thaddeus Kostrubala, akawa anakimbia na wagonjwa wake kabisa, akaandika na kitabu mwaka 1976. "Mimi sikimbizi mtu," akasema mshauri.

Nilikuwa na changu cha kumwambia, na sikuwa na hakika kama nimwambie. Nyanya yangu alikaa Mtongwe, na nilipokuwa mdogo, usiku mwingine zilisikika ngoma za pepo kutoka nyumba za nyuma. Masheikh walizikataza, baba yangu alizikataza, na mimi kama mwalimu sikuwahi kuzitaja mbele ya mtoto wa mtu. Lakini nyanya alinieleza. Mwanamke ameharibika, hali, hasemi, miguu haimbebi. Anapelekwa kilingeni, anachezwa ngoma mpaka mwili wake unaanza kwenda wenyewe, na ukishakwenda mganga anamwuliza pepo: wewe nani, wataka nini? Pepo anasema. Anataka kanga mpya, anataka pete, anataka mume aache jambo fulani. Mume amekaa palepale anasikia, na hana wa kumkasirikia, maana aliyesema si mkewe.

Mshauri alinyamaza kidogo. "Leo aliyesema ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema. "Pepo sina."

Sitaki mtu anielewe vibaya: sikupona siku ile. Usiku nilichoka kama mtu aliyefua mashuka ya harusi, kisigino kililia malengelenge, na asubuhi nilikuwa na hasira mpya, hii ikiwa ya kujua kwamba alinificha kwa sababu alikuwa akinihurumia, jambo ambalo ni gumu zaidi kulisamehe. Mwanangu nilimwambia habari ya bahasha tukiwa kwenye gari, yeye akiendesha, wote tunatazama foleni ya barabara ya Mombasa. Alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia zile dawa. Nilitaka kushuka. Lakini foleni haikuwa ikienda, na mlango wa upande wangu ulikuwa umebanana na matatu, basi tukakaa tukayamaliza mle ndani, kwa sauti, mpaka kondakta wa ile matatu akafunga dirisha lake.

Nilitembea na mshauri mara tano katika wiki tatu. Mara ya nne ilinyesha, tukajibanza chini ya paa la kibanda, tumesimama, na mazungumzo yakawa mabaya kabisa. Nikarudi kwenye Alhamdulillah. Mara ya tano sikusema jambo kubwa lolote. Tulitembea kilomita sita, nikamweleza namna ya kupika biriani ya nyama.

Sasa niko Mombasa. Baada ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, natoka na jirani yangu, mama mwenzangu mwenye sukari ambaye daktari amemwambia atembee, tunaifuata barabara ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari. Mwezi wa kwanza alikuwa akinisimulia bei za vitu. Wiki iliyopita tulikuwa tunaitazama meli ya makontena ikiingia mlangoni, kubwa, polepole, nyuma yake kivuko cha Likoni kikiisubiri ipite, na mimi nikawa nahesabu kwa mazoea kama alivyokuwa akihesabu marehemu, safu ngapi juu, safu ngapi kwenda. Jirani akasema, bila kunigeukia, "Yule mwanangu wa Qatar, wajua, si kwamba simu yake imeharibika."

Sikumtazama. Nikalingana naye hatua, raba zangu na malapa yake, mpaka mibuyuni, na tulipofika mwisho wa ukuta akawa hajamaliza, tukageuka tukaenda tena.